Atlasi Haombi Maji

Mwalimu hakuwahi kukaa mbele yetu. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumwona hata mara moja ameketi akiwa ndani ya sare. Alikula wali wake amesimama, sahani ya plastiki mkononi, mgongo hauguswi na ukuta. Akizungumza na simu alisimama. Akisubiri basi la kampuni alisimama, na benchi liko pale tupu. Zamani nilimstahi kwa jambo hilo. Sasa nikilikumbuka hasira inanipanda.

Alikuwa msimamizi wa walinzi katika jumba la maduka hapa Dubai, moja ya yale yaliyojengwa kuigiza Roma ya kale, na nguzo nyeupe, na matao, na kila kona sanamu ya plasta ya mwanamume asiye na shati. Kwao Tanzania aliwahi kufundisha historia sekondari, na sauti ya darasani haikumtoka. Sote tulimwita Mwalimu, hata Wanepali ambao hawakujua neno hilo lina maana gani. Walidhani ndilo jina lake.

Kila asubuhi kabla ya zamu tulipangwa mistari kwenye maegesho ya chini kwa ajili ya paredi. Wasimamizi wengine hukagua viatu na ndevu, wanasoma nani anakwenda posti gani, khalas, watu wanatawanyika. Mwalimu alikagua viatu, akasoma posti, kisha akatusimulia hadithi. Tulikuwa tumesimama wima, mikono nyuma, na yeye akitembea mbele yetu polepole akiongea habari za watu waliokufa Ugiriki kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Posti zenyewe alizipa majina ya sanamu zilizokuwa karibu nazo. Mlango wa mashariki uliitwa Herakle, kwa sababu pale palikuwa na jitu lenye ngozi ya simba kichwani. Mlango wa wanawake, nilikokuwa nikikagua mikoba, uliitwa Enea. Na nje kabisa, kwenye njia wanakoshukia wageni wenye magari, palikuwa na Atlasi, mtu aliyepiga goti moja, amebeba mbingu mabegani. Hapo hapakuwa na kivuli ila kile cha mbingu ya plasta, nacho kufika saa sita kilikuwa kimejificha chini ya goti lake.

"Kontroli kwa Atlasi, unanipata?" ungemsikia Mwalimu kwenye redio.

"Atlasi anakupata, Mwalimu. Anaiva taratibu."

Tulicheka. Nisiseme uongo, tulicheka sana katika kazi ile.

Alijua kusimulia. "Mnafikiri hizi zilikuwa hadithi za kubembelezea watoto?" alituuliza siku moja. "Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja cha kuwaambia waishi vipi. Walikuwa na mashujaa. Kijana akiuliza ujasiri ni nini, anatajiwa jina la mtu. Mji ukiulizwa umetoka wapi, unaonyesha kaburi." Akatueleza kwamba kwenye makaburi hayo watu walimwaga divai na damu ya kondoo ili shujaa anywe huko chini, na kwamba miji iligombania mifupa ya shujaa kama watu wanavyogombania kisima. Akatueleza habari za Warumi, jinsi nyumba kubwa zilivyohifadhi sura za wazee wao zilizotengenezwa kwa nta, na mmoja wa ukoo akifa, watu walizivaa zile sura na kutembea katika mazishi, hata ukaona kana kwamba waliokufa zamani wamekuja kumpokea aliyekufa leo.

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujamaliza kumlilia baba, nami ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu kulikuwa na Baraka, na nyuma ya Baraka kulikuwa na Rehema aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Sikulia kwa ajili ya shule, sikuwa na nafasi. Kwa hiyo mtu aliponisimamisha mistarini, mtu mzima, akanieleza mambo ya watu wa nta, nilihisi kuna mlango umefunguliwa niliokuwa nimeshausahau. Maegesho yale yenye harufu ya mafuta yalikuwa darasa langu. Huyo mtu alinipa kitu. Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Mlango wa Enea alinipa kwa makusudi. Sanamu ya pale ni mwanamume anatembea, babake mzee amempanda begani, na mkono mmoja ameshika mtoto.

"Dada Mkubwa," aliniambia, "hii ndiyo posti yako. Mji wake uliteketea, na yeye akabeba. Warumi wote walijisifu kwamba wametoka kwa mtu huyu. Taifa zima, unasikia? Limetoka kwa mtu aliyekubali kubeba."

Wiki hiyo nilipiga simu nyumbani Kilifi nikawasimulia wadogo zangu habari ya Enea, nikaona haya nilipofika kwenye maneno ya kubeba, maana nilijua nazungumza habari zangu mwenyewe. Rehema akauliza yule mzee alikuwa na uzito gani. Nikamwambia mwepesi, kama wewe ulivyokuwa.

Mwalimu alikuwa na wema wake. Alikwenda kliniki na walinzi wasiojua Kiarabu wala Kiingereza, akawatafsiria, akarudi kazini bila kulala. Mgeni mmoja mlevi alipomshika kiuno Nakato, Mganda niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja mtaa wa International City, Mwalimu alijiingiza katikati akamwambia yule mtu kwa adabu kabisa, "Sir, huyu ni binti yangu." Mtu akaondoka. Lakini pia iko siku madam mmoja alinirushia mkoba usoni kwa sababu nilimwomba aufungue. Mwalimu aliuokota, akaupangusa, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Madam alipokwisha kuondoka akanigeukia. "Umesimama vizuri," akasema. "Hukutikisika hata kidogo." Nilifurahi siku nzima. Jioni Nakato ndiye aliyeniuliza jicho linauma kiasi gani.

Sasa nieleze habari ya maji.

Mlinzi haruhusiwi kuacha posti mpaka aje riliva, yaani mwenzako wa kukushikia nafasi wakati unakwenda choo. Kampuni ilikuwa na riliva wachache mno kwa jumba lile. Ukiita, unaambiwa subiri, na kusubiri kwenyewe hakuna mwisho. Kwa hiyo walinzi wana utaalamu wao ambao hauandikwi popote, na mlinzi mpya anafundishwa siku ya kwanza ndani ya basi: usinywe. Asubuhi funda moja. Mchana sukutua, tema. Ukirudi nyumbani ndiyo unywe kama ngamia. Wapya ambao hawakusikia tuliwatambua kabla ya saa nne, wanabadilisha mguu, wanabadilisha mguu, uso umewaiva.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa wenye kampuni akawaambia waongeze riliva. Mwalimu aliligeuza jambo hilo kuwa ushujaa. "Atlasi haombi maji," alisema. Alilisema kwenye paredi, alilisema kwenye redio, mpaka likawa letu, tukawa tunataniana nalo kwenye basi. Na mtu akiita riliva mara nyingi, kesho yake Mwalimu hamtaji jina. Anasimulia tu jinsi Herakle alivyokwenda kutafuta matufaha ya dhahabu. Atlasi akamwambia, nishikie mbingu nikakuletee. Herakle akashika. Atlasi akaleta matufaha, lakini alipoonja kutembea mikono mitupu akakataa kuirudia mbingu. Herakle akamwambia, sawa, ila nishikie kidogo tu nitie kata ya nguo begani. Atlasi akashika, na Herakle akaokota matufaha akaenda zake.

"Funzo?" Mwalimu anauliza.

"Usimwachie mtu posti yako!" sote, kama watoto wa darasa la pili.

Nakato peke yake ndiye aliyemkatiza siku moja. "Lakini Mwalimu, nina swali. Hao mashujaa walikuwa wanakojolea wapi?"

Mistari ilivunjika kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akafungua tena karatasi yake ya posti, akamhamishia Nakato kwenye paa, juani, mpaka mwisho wa mwezi.

Wala hakuwa mnafiki. Hilo ndilo linalonichoma. Naye alikuwa hanywi. Alipita kwenye posti zote tangu asubuhi hadi jioni, midomo imempasuka, na chupa yake ya maji iko mezani ofisini, kizibo hakijavunjwa. Angekuwa mwongo ningemsamehe mapema. Mwongo unamjua, unamkwepa. Huyu aliamini, na alitupenda, na kwa upendo huohuo akatukausha.

Baraka alikuja Dubai alipotimiza umri. Nilikuwa nimekwisha kumtangulizia habari za Mwalimu kwa simu, kwa hiyo alifika akimjua. Alikuwa hamkumbuki baba yetu. Paredi ya kwanza alisimama mbele kabisa, kidevu juu, na Mwalimu alimpita, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama.

"Wewe ndiye mdogo wa Enea?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Unaweza kubeba nini?"

"Chochote, Mwalimu."

Akampa Atlasi.

Ilikuwa mwanzo wa joto. Baraka hakulalamika, alijivuna. Alinunua kitambaa cha kung'arishia viatu. Alijifunza kumeza mate. Nilikuwa nikimpa chupa ya maji yenye barafu kila asubuhi, na jioni kwenye basi ananirudishia imejaa, ya moto, kama imetoka jikoni.

"Baraka, mbona hukunywa?"

"Sikuwa na kiu, Dada."

"Hukuwa na kiu, nje, leo?"

"Atlasi haombi maji," akacheka. Midomo ikatoka damu alipocheka.

Kisha akaniambia, kwa aibu, kwamba mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi. Asubuhi iliyofuata sikusimama mistarini. Nilimfuata Mwalimu ofisini kwake.

"Nataka Baraka apewe riliva wakati wa jua kali. Na kiti."

"Binti, mimi ndiye niliyemweka pale. Nimemweka kwa sababu anaweza."

"Anakojoa damu, Mwalimu."

"Ni joto hilo, litapita. Nikimpa kiti, wenye jumba watauliza kwa nini wanamlipa mtu akae. Watataka wengine, si sisi."

"Basi mpe maji, na mtu wa kumshikia posti akakojoe. Siombi jambo kubwa. Yule ni mtu, si plasta."

Akanitazama kwa huruma, huruma ile ya mwalimu kwa mwanafunzi aliyekaribia jibu. "Ndiyo maana ya shujaa, Dada Mkubwa," akasema. "Mashujaa walikuwa watu. Wangekuwa miungu, ingekuwa na sifa gani?"

Niliacha shule kidato cha pili, sikujua kama kuna jibu. Lakini nilirudi keshoye, na keshokutwa, na siku iliyofuata, nikasimama mlangoni kwake nikasema maneno yaleyale, riliva na kiti, mpaka akawa anafunga mlango akiniona natokea.

Siku yenyewe nilikuwa posti yangu, mikono ndani ya mkoba wa mtu. Redio begani ikasema, "Kontroli kwa Atlasi." Kimya. "Kontroli kwa Atlasi, unanipata?" Kimya. Mara ya tatu sauti ya Mwalimu ilikuwa imebadilika, na mimi nilikuwa nimekwisha kuuachia ule mkoba. Niliacha mlango wa Enea bila riliva, nikakimbia, na lipstiki za watu zikiviringika sakafuni nyuma yangu.

Alikuwa chini, kati ya goti la sanamu na njia ya magari. Wageni walikuwa wamempita wakidhani amelala. Dereva mmoja Mnepali ndiye aliyekuwa amemshika kichwa. Nilimgusa shavu, lilikuwa kavu kama ukuta. Hata jasho lilikuwa limemwishia.

Hospitali walisema figo. Walisema na maneno mengine, lakini hilo ndilo nililolielewa.

Mwalimu alikuja na machungwa. Alisimama miguuni pa kitanda, kiti kipo pembeni, akamtazama Baraka aliyekuwa na mipira kila mahali. "Kijana wangu," akasema, "umesimama kama wanaume wanavyosimama." Na Baraka, mjinga wangu, mtoto wangu, akatabasamu.

"Toka," nikasema.

"Dada Mkubwa..."

"Usiniite hivyo. Toka na machungwa yako. Nenda."

Alitoka. Machungwa aliyaacha sakafuni mlangoni, muuguzi akajikwaa nayo.

Shujaa wa Wagiriki akifa miji iligombania mifupa yake. Mdogo wangu kampuni ilimpa tiketi ya kurudi. Sasa yuko Kilifi, anaamka alfajiri siku za zamu yake kwenda hospitali ya kaunti kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, anarudi nyumbani mweupe mdomoni, analala. Maji anapimiwa kwa kikombe. Anaruhusiwa kunywa kidogo sana, na sasa ana kiu wakati wote. Tukizungumza anauliza, "Mwalimu hajambo? Msalimie." Nikisikia hivyo nasogeza simu mbali na sikio kwanza.

Rehema ndiye aliyenimalizia masomo. Alikuwa sekondari wakati huo, na baada ya kaka yake kurudishwa alikwenda kuazima kitabu cha mambo ya kale, kwa sababu ni mtoto wa kutaka kujua adui anaitwa nani. Akanipigia simu mchana mmoja wa Ijumaa, hata salamu akasahau.

"Dada, Herakle hakufanya zile kazi kwa sifa. Alishikwa wazimu akaua watoto wake mwenyewe. Ilikuwa adhabu."

"Nani kasema?"

"Ngoja. Atlasi naye alishindwa vita, akahukumiwa. Hakuna mtu aliyempa mbingu kwa sababu anaweza. Na yuko mwingine, Akile, huyo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Mkubwa wake alimdhulumu mbele za watu. Unajua alifanya nini?"

"Alivumilia."

"Alikaa! Aliingia hemani kwake akakaa, akasema sipigani. Walikuja kumbembeleza, akakataa. Wakafa wengi, mkubwa akajuta. Na bado ni shujaa, Dada, hakuna aliyemvua ushujaa." Nikasikia akipekua. "Na Enea wako, yule wa kubeba. Mwalimu alikwambia habari za mkewe?"

"Hapana."

"Alikuwa anamfuata nyuma. Alipogeuka hakumwona. Alipotea hukohuko motoni." Akafunga kitabu. "Huyo Mwalimu wenu alikuwa anasoma kurasa gani?"

Nilikaa na swali hilo. Mtu aliyefundisha historia alizijua kurasa zote. Alizijua akazikunja, zile ambazo mtu anakaa, zile ambazo mtu anapotea nyuma, akatusomea zilizobaki. Na mimi, niliyempenda kwa kunifungulia mlango, nilikuwa nimefunguliwa nusu, upande unaoifaa kampuni. Hata ile hadithi ya kata niliifikiria upya. Alitufanya tucheke tusione kwamba katika hadithi yake mwenyewe Atlasi alipata riliva. Alitembea. Alikwenda akachuma matufaha, na mbingu haikuanguka, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumshikia.

Niliacha ulinzi. Siku hizi nipo kwenye mgahawa mmoja mtaa wa Karama, hapahapa Dubai, napanga meza, napeleka pilau na maharage, mchana wateja wakipungua nakaa. Nakaa makusudi, karibu na dirisha, miguu mbele.

Ndipo hapo, siku moja, Mwalimu alipoingia. Wateja wa baada ya swala walikuwa wamekwisha kula, meza ziko tupu. Shati la kiraia lilikuwa linamning'inia. Hakuniona mara moja, alisimama karibu na kaunta akisoma orodha ya chakula ukutani kama anayekagua zamu. Kampuni ilikuwa imepata msimamizi kijana, nilikwisha kusikia kwa Nakato. Visa ya Mwalimu ilikuwa ikifutwa, anangojea kurudi kwao.

"Karibu, Mwalimu," nikasema. Ilinitoka kwa mazoea ya kazi.

Aligeuka. Alinitazama, akatazama sakafu. "Dada Mkubwa." Safari hii sikumkataza. "Baraka yukoje?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mashine, na kikombe cha maji, na jinsi anavyolamba midomo akiongea. Sikupunguza neno. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma, na nilipomaliza aliinua kidevu, nikaona kile ninachokijua, pumzi ile ya kuanza.

"Iko hadithi moja..."

"Khalas, Mwalimu. Hadithi zako nimezimaliza. Akile alikaa."

Akashusha kidevu.

"Akile alikaa hemani," nikasema, "na wewe ulikuwa unajua. Mke wa Enea alipotea, ulikuwa unajua. Ulimwona mdogo wangu anapotea nyuma, nikakugeuza kichwa kwa mikono yangu kila asubuhi utazame, ukafunga mlango."

"Ningewaambia kwamba mashujaa walikaa," akasema taratibu, "nani angebaki kazini? Wangewarudisha wote. Na mimi." Halafu akasema, "Mimi pia nilisimama."

"Nilikuona. Nani alikuomba?"

Akaegemea kaunta kwa mkono mmoja. Nilivuta kiti kwa mguu wangu nikakisukuma mpaka kikamgonga nyuma ya magoti. Akakaa. Alikaa kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, polepole, amekamata meza. Nikamletea maji, glasi ya kwanza, nikasimama juu yake.

"Baadaye," akasema.

"Kunywa."

Alikunywa yote. Nikajaza nyingine, akanywa, yakamtiririka kidevuni. Nikajaza tena. Sikumjazia kwa huruma. Tukabaki hivyo, jagi mezani kati yetu, mpaka nikamwona anabadilisha mguu chini ya meza, kisha anabadilisha tena. Akatazama mlango wa nyuma, akanitazama mimi. Mzee mzima, mvi mpaka kwenye nyusi.

"Naweza kwenda choo?"

Aliuliza kwa sauti ya kuomba ruhusa, na hakutikisika kitini akingoja jibu.

"Nenda, Mwalimu," nikasema. "Ninakushikia."

Alikwenda. Nilibaki pale nimeweka mkono juu ya mgongo wa kiti chake, nina hasira ileile niliyoamka nayo, na sikuuondoa mpaka aliporudi.